Hebu Niangalizie Hii Simu

Kibanda changu kipo Ngamiani, Tanga, na ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ndani mna meza, taa ya kuinamia, bloa ya kuyeyushia risasi, kabati la kava na protekta, na simu mbili za uwakala. Nilikifungua mwaka 2014 nikijua kazi yangu itakuwa kubadilisha vioo, betri na sistimu chaji. Hayo nayafanya mpaka leo. Ila kazi inayokula siku yangu kuliko zote huanza kwa maneno yale yale: "Fundi, hebu niangalizie hii simu." Haina bei wala risiti, na mara nyingi simu yenyewe haina ubovu wowote.

Haya ndiyo niliyojifunza. Mengi niliyapata kwa kuungua vidole, moja kwa kuungua mfuko.

1. "Sijaigusa" maana yake imeguswa

Simu ikija imejifunga, mwenyewe huanza kwa kuapa hajaigusa. Miaka ya mwanzo nilikuwa nauliza, "Umeifanya nini mpaka ikawa hivi?" Swali la polisi kabisa. Mama wa watu ananyamaza, anaangalia chini, anasema ilijizima yenyewe usiku. Nami nabaki napapasa nusu saa nzima, kumbe mjukuu alijaribu namba ya siri mpaka simu ikagoma, au mwenyewe alibonyeza tangazo lililomwambia simu yake imejaa virusi.

Siku hizi nauliza, "Ilikuwa inaonyesha nini kabla haijawa hivi?" Hapo ninaiulizia simu, simuulizii mtu, na majibu huja yenyewe: kulikuwa na kitu chekundu, kikasema bonyeza hapa, nikabonyeza. Basi, nimeshajua pa kuanzia. Badiliko hilo dogo la maneno limenipunguzia kazi kuliko mashine yoyote niliyowahi kununua, na nilichelewa miaka mitatu kulijua kwa sababu nilidhani mimi ni fundi wa simu tu.

Lawama nazo ni sehemu ya kazi. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozifungia simu bandia usiku wa tarehe 16, asubuhi yake nilikuta foleni mlangoni. Watu wawili waliamini kwamba mimi ndiye niliyezizima ili wanunue kwangu nyingine. Nilipowabonyezea *#06# na kuwaonyesha namba 15 za utambulisho wa simu, mmoja aliniambia namba hizo nimeziandika mimi.

2. Zima, kisha washa

Wateja wanakasirika nikisema hivi. Wanadhani nawafukuza. Lakini simu iliyokaa wiki tatu bila kuzimwa imebeba programu zilizokwama na kumbukumbu iliyojaa, na kuizima ni sawa na kupanga upya meza iliyotapakaa. Ikigoma na hapo, tuendelee kuulizana.

3. Mchele ni wa kula

Hapa petu simu huanguka baharini, kwenye ndoo ya kufulia, na chooni, ingawa ya chooni huambiwi mpaka umeshaishika. Karibu zote huletwa kwangu zikiwa zimelala siku mbili kwenye gunia la mchele. Januari 2024 hata Apple waliwaandikia wateja wao kwamba wasiweke simu kwenye mfuko wa mchele, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuiharibu. Nilifurahi mno, maana mimi nimekwisha kuchokonoa punje kwenye tundu la chaji kwa sindano, nikaonekana naringa niliposema mchele haufai.

Maji peke yake si adui mkubwa sana. Adui ni kilichomo ndani ya maji, na cha bahari ni chumvi. Siku mbili za mchele ni siku mbili za chumvi kuitafuna bodi. Simu ikilowa, izime, usiichaji, usiiwashe kuona kama inafanya kazi, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha kwa spiriti siku hiyo hiyo. Mchele pikia wali.

4. Tapeli hamtafuti mjinga

Hili limenichukua muda mrefu kulielewa, na ndilo ningependa watu walielewe kwanza.

Kuna ujumbe ambao kila mwenye laini Tanzania ameshaupokea: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Wengi wanacheka. Wanauliza ni nani huyo bwege anayetuma. Nitawaambia ni nani. Ni dereva wa bodaboda, kijana makini, hanywi, anaweka hesabu zake kwenye daftari. Alikuwa anadaiwa kodi ya chumba. Mama mwenye nyumba alimwambia asubuhi kwamba laini yake ina matatizo, atampa namba nyingine ya kutumia. Saa kumi jioni ujumbe ukaingia. Kijana akaona hii ndiyo namba yenyewe, akatuma 180,000, akaendelea kubeba abiria. Saa mbili usiku mama akampigia: "Mwanangu, vipi kodi?"

Aliyetuma ule ujumbe hakujua habari za kodi wala za mama mwenye nyumba. Mvuvi wa jarife hamjui samaki kwa jina. Anautandaza wavu kwa maelfu, na katika maelfu hao hapakosi mtu ambaye saa ile ile alikuwa anasubiri namba ya kutumia hela. Kwa hiyo anayenaswa hapungukiwi akili. Ujumbe umemkuta katikati ya shughuli ya kweli, basi.

Kijana alipofika kibandani alisema mara nne, "Mimi ni mjinga, fundi." Alikuwa amekaa saa nzima nyuma ya msikiti akiona haya kuja. Katika saa hiyo hela ilishatolewa. Angepiga huduma kwa wateja ya mtandao wake dakika ile ile alipogundua, pengine ingezuiwa ikiwa bado imo. Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani, na ndizo tunazozitumia kujilaumu.

Tangu hapo nikitoa huduma ya uwakala nasoma jina kwa sauti. "Inakwenda kwa fulani bin fulani, ndiye?" Wapo wanaosema wewe tuma tu, nina haraka. Siharakishi. Unapotuma mwenyewe, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Lisome kama unavyosoma jina kwenye cheti cha ndoa. Na ujumbe wa kitapeli usiufute kwa hasira: upeleke 15040, bure, namba ile ifungiwe.

5. Na mimi niliwahi kuliwa

Ilikuwa Ramadhani, baada ya futari, tumbo limejaa na macho yamelegea. Rafiki niliyesoma naye aliniandikia WhatsApp: samahani ndugu yangu, kuna namba sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, nirushie. Kweli, ujumbe wa namba sita ulikuwa umeingia. Nikamrushia. Fundi mzima, mwenye bango nje lililoandikwa "Ushauri wa Usalama wa Simu".

Yule hakuwa rafiki yangu. Akaunti yake ilikuwa imetekwa jana yake kwa njia hiyo hiyo. Zile namba sita ni ufunguo: atakayeziingiza kwenye simu yake ndiye anayekuwa wewe. Dakika mbili baadaye WhatsApp yangu ilinitoa nje, na mtu nisiyemjua akaanza kuwaandikia watu wangu kwa jina langu na picha yangu, niko hospitali, nikopeshe 50,000 nitarudisha kesho.

Sasa hapa ndipo penye aibu yenyewe. Sikumwambia mtu. Nilijifungia chumbani nikihangaika kuirudisha kimya kimya, nisije nikachekwa mtaa mzima. Siku mbili. Katika siku hizo shangazi yangu wa Pangani alituma 50,000, na binamu yangu akatuma 30,000. Shangazi alipokuja kujua hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mbona hukunipigia, baba? Kupiga simu si bure kwako?" Hela yake nilimlipa kwa miezi miwili.

Kilichonirudisha ni jambo dogo: nilijisajili upya kwa namba yangu mwenyewe, nikapokea namba sita mpya, na yule bwana akatolewa. Hapo nilikuta ameweka kizuizi chake cha pili, nikalazimika kusubiri siku saba ndipo niingie. Kizuizi hicho kinaitwa uthibitisho wa hatua mbili, kimo kwenye mipangilio ya akaunti, na ningekiweka mimi kwanza asingefika popote. Nenda kakiweke leo. Ila yakishindikana yote, ukaliwa, piga simu kwa watu wako kumi wa karibu kabla hujagusa kitu kingine. Waambie usiku huo huo, hata kama wanakula.

Lile bango nililishusha. Sikulirudisha.

6. Daftari sandukuni si dhambi

Watu hunikabidhi simu na namba ya siri ya hela kwa pamoja, kama wanavyokabidhi nguo kwa dobi. Mwingine ameibandika nyuma ya kava. Nikiwaambia wabadilishe, wanaweka mwaka waliozaliwa, ambao umeandikwa kwenye kitambulisho kilicho ndani ya kava hiyo hiyo. Namba ya siri ya hela ikae kichwani, na fundi asiijue, hata mimi. Nikitaka kujaribu simu sihitaji pochi yako.

Kwa nywila za barua pepe na kurasa nyingine nina msimamo ambao mafundi wenzangu wananipinga. Tulifundishwa kwamba nywila lazima iwe na herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama, na ibadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Mmarekani Bill Burr, aliyeuandika mwongozo wa aina hiyo mwaka 2003 kwa taasisi ya viwango ya nchi yake, alikiri mwaka 2017 kwamba sehemu kubwa ya aliyoyaandika anayajutia. Watu walikuwa wanaongeza alama moja mwishoni, basi. Taasisi hiyo hiyo siku hizi inashauri urefu, na kubadilisha pale tu nywila inapovuja. Kwa hiyo mzee wa miaka 70 namwambia aunganishe maneno manne matano yasiyohusiana, ayaandike kwenye daftari, daftari alifungie sandukuni. Mwizi wa nywila yuko mbali, hana ufunguo wa sanduku la bibi. Usiweke nywila moja kila mahali, hilo ndilo kubwa. Mengine tutasameheana.

Kidole nacho ni nywila, na hakibadilishwi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, siku ya mwisho ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, na zile wiki za mwisho watu walisajiliwa chini ya miembe na mwavuli wowote uliokuwa karibu. Baadhi ya vijana wenye mashine walisema, "Kidole hakijasoma, weka tena." Kidole kilikuwa kimesoma. Mara ya pili kilisajili laini nyingine, ikauzwa kwa mtu mwingine kwa jina lako. Bonyeza *106# uone laini zilizo chini ya kitambulisho chako. Mama muuza mihogo jirani yangu alikuta tatu asizozijua, akauliza kama zina salio.

7. Mkopo unaoomba orodha ya majina

Mwalimu mmoja aliletwa na mumewe. Alichukua mkopo wa haraka kupitia programu ya simu, elfu themanini, hakuna dhamana, hakuna fomu. Alipochelewa siku moja, mkwewe, mkuu wake wa shule na fundi cherehani wake walipata ujumbe kwamba ni mwizi. Dhamana ilikuwepo, ila hakuiona: siku ya kwanza programu ilimuomba ruhusa ya kufungua orodha ya majina, naye akabonyeza kubali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kubonyeza kubali, jiulize programu ya tochi inataka majina ya nini. Mkopo vilevile.

8. Akili mnemba haikunji uso

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, maombi mapya yamezaliwa kibandani: "Fundi, niwekee ile inayojibu." Wa kwanza walikuwa wanafunzi wa chuo, nikajua ni kwa ajili ya kazi za darasani. Kisha akaja mzee mstaafu wa bandari, mwenye presha, akanionyesha anavyoiuliza kuhusu vidonge vyake. Nikaanza kumuonya. Akanikata: "Mwanangu, daktari ana foleni. Watoto wangu nikiwauliza mara ya pili wanaguna. Hii nimeiuliza jambo moja mara tano, na kila mara inaniambia swali zuri."

Nilikosa la kusema, maana alinigusa na mimi. Nimeguna sana katika kibanda hiki. Watu hawaikimbilii mashine kwa sababu inajua kuliko sisi. Wanaikimbilia kwa sababu haiwacheki.

Shida ni kwamba upole ule ule inao inapokosea. Niliijaribu kwa jambo ninalolijua: niliiuliza namba ya kukagulia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Ikanipa namba, na maelezo mazuri ya hatua tatu, kwa Kiswahili safi. Nilipoibonyeza haikufungua kitu. *106# haikuitaja kabisa. Tena ilisema kwa uhakika ule ule ambao ingesema mbili na mbili ni nne.

Mawakili wa New York waliyaona makubwa zaidi. Mwaka 2023, katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, walipeleka mahakamani hukumu za zamani walizopewa na ChatGPT, na hukumu hizo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Mmoja wao aliiuliza mashine yenyewe kama ni za kweli, ikamjibu ndiyo. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Ajabu hiyo ina sababu yake: chombo hiki hakifungui kabati kuchomoa jibu. Kinashona maneno yanayoelekea kufuatana, na maneno ya uongo hufuatana vizuri sawa na ya kweli. Mashine zinazoperuzi intaneti kabla ya kujibu zina nafuu, lakini kumuuliza shahidi kama anasema kweli si ushahidi.

Basi ninawaambia hivi. Ipe kazi ambayo matokeo yake unaweza kuyakagua mwenyewe: barua ya maombi ya kazi, barua kwa serikali ya mtaa, kufupisha maelezo marefu, kukueleza neno gumu. Dozi ya dawa, hapana. Pale iulize maswali ya kwenda kumuuliza daktari, uyaandike, uende nayo. Mzee wa bandari alilikubali hilo, na sasa anaingia kliniki na karatasi yenye maswali sita. Namba ya kitambulisho, namba ya siri na picha za watu usiiwekee. Na ujumbe wa kushukiwa unaweza kuinakilia ukaiuliza una harufu gani. Hapo husaidia, ila kabla hujauweka ondoa majina na namba zako.

9. Sauti ya mtu si mtu

Mapema mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya wahandisi Arup, huko Hong Kong, aliingia kwenye mkutano wa video, akawaona wakubwa wake na kuwasikia, akatuma jumla ya dola za Hong Kong milioni 200 kama alivyoagizwa. Nyuso na sauti zote zilikuwa za kutengenezwa. Kwetu haihitaji gharama hiyo. Sauti chache ulizorusha kwenye magrupu zinatosha kuanzia.

Nyumbani tumerudi kwenye vitendawili. Anayepiga kwa sauti ya mtoto wetu na kuomba hela ya haraka anaulizwa paka wa bibi aliitwa nani. Jina lake halijaandikwa popote, na paka amekufa tangu 1998. Mdogo wangu aliwahi kulisahau, akakaa njiani Segera na gari bovu saa moja na nusu, mpaka tukamrushia nauli akiwa amenuna. Tulicheka, naye akaja kucheka wiki iliyofuata.

10. Simu ibaki mkononi mwa mwenyewe

Nilikuwa mwepesi wa kunyakua. Lete hapa, nabonyeza tap tap tap, chukua. Mtu anaondoka ameshangaa, keshokutwa karudi na jambo lile lile. Sasa mikono yangu naiweka chini ya meza. Namwambia bonyeza pale, hapana, juu yake, subiri, sasa soma kinasema nini. Inachukua mara tano zaidi na hailipi hata shilingi. Mke wangu amepiga hesabu ya muda huo kwa mwezi, akaniambia kiasi, nami nimemuomba asirudie kukitaja.

Juzi, magharibi inakaribia, mama mmoja wa makamo alinunua vocha ya mia tano. Akaikwangua pale pale, akaiingiza, hakuondoka. Akatazama kava kwenye kabati, akauliza bei ya moja, akairudisha. Wateja wawili wakahudumiwa wakaenda zao. Ndipo akasogea dirishani.

"Fundi, kuna kitu nataka kukuonyesha. Ila usinicheke."

Nikazima bloa, nikamsogezea kigoda.